Ukibadili Moteri, Angalia Wanaosimama kwenye Mstari



Tangu mwezi uliopita katibu wetu ananiomba niandike habari ya mashini yetu ya kusaga, kwa sababu vikundi viwili vya jirani vinataka kuachana na mazutu na kuweka moteri ya umeme kama tulivyofanya sisi. Nilisema ndiyo, halafu nikakawia. Habari hiyo ina sehemu ninayoona haya kuisema, ingawa wengi wenu mnaijua. Aliyenifanya nishike kalamu ni binti yangu aliyeko Marekani, na mazungumzo yetu yalianza na mchezo wa watoto.

Alinipigia simu Jumapili usiku, saa ambazo mtandao wetu hapa Kirumba unatulia kidogo. Yeye na mume wake wanakaa jimbo la Ohio.

"Mama, watoto wamemaliza masomo. Wanataka twende Cedar Point, ni uwanja mkubwa wa michezo kando ya ziwa. Mkubwa anataka kupanda kitu kinaitwa Top Thrill 2. Baba yake anasema sawa. Mimi nimesikia habari za kitu hicho, moyo wangu hautulii. Wewe unasema nini?"

Nikacheka. Mimi wa Kirumba nitasema nini juu ya michezo ya Ohio? Lakini mjukuu wangu akanitumia video, nikaitazama mara tatu. Kwa Kifaransa michezo ya namna ile wanaiita Milima ya Kirusi. Wanakufunga kwenye kiti cha kigari kinachokwenda juu ya reli, kinapanda kama mlimani, kinashuka kwa mbio, watu wanapiga kelele, halafu wanatoka wakicheka. Watu wanalipa ili watiwe hofu. Nikamwambia binti yangu: "Sisi huku hofu tunaipata bure." Akacheka na yeye. Kisha nikamwambia anieleze yote tangu mwanzo, maana mashini ni kitu ninachokijua kidogo.

Alinieleza hivi. Mchezo ule ulifunguliwa tarehe 4 Mei 2003, wakati huo ukiitwa Top Thrill Dragster. Mnara wake una urefu wa mita 128. Chukueni mikaratusi minne mikubwa, muisimamishe mmoja juu ya mwingine, ndipo mtakaribia kufika. Katika michezo mingi ya zamani kigari kinavutwa polepole mpaka juu kwa mnyororo. Hiki hakikuvutwa polepole, kilirushwa kutoka chini. Kwa muda wa sekunde nne hivi kilifika mwendo wa kilomita 193 kwa saa, kikapanda mnara wima, kikageuka kule juu, kikashuka upande wa pili. Safari yote haikufika nusu dakika.

Nguvu ya kukirusha ilitoka kwenye mafuta na hewa iliyobanwa. Pampu zilisukuma mafuta ndani ya matangi mpaka yakaibana hewa ya naitrojeni iliyokuwemo, kama hewa inavyobanwa ndani ya pampu ya baiskeli ukiziba tundu kwa kidole. Saa ya kurusha ikifika, hewa ile ilisukuma mafuta kwa kishindo, mafuta yakazungusha moteri, moteri zikazungusha pipa kubwa la chuma, pipa likavuta kamba ya chuma, kamba ikavuta kigari. Nguvu yote ilitolewa mara moja tu. Ikipungua kidogo, kigari kilishindwa kufika juu, kikarudi chini kinyumenyume, na breki za sumaku zikakishika. Wapandaji walifurahia hata hilo.

Lakini kitu kinachopigwa kishindo namna hiyo mara nyingi kwa siku, mwaka baada ya mwaka, kinachoka. Mwaka 2004, ungali mchezo mpya, vipande vidogo vya chuma vilitoka kwenye kamba vikawarukia watu wanne waliokuwa wamepanda. Hao waliumia kidogo tu. Jambo lililomnyima binti yangu usingizi ni la tarehe 15 Agosti 2021. Siku hiyo kibati cha chuma kilichokuwa kimefungwa nyuma ya kigari, ukubwa wake kama kiganja, kilichomoka kikampiga mwanamke mmoja kichwani. Aliumia vibaya sana.

"Alikuwa amekaa kiti cha nyuma?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hakuwa amepanda. Alikuwa amesimama kwenye mstari, anangoja zamu yake."

Nikanyamaza. Binti yangu akafikiri mtandao umekatika, akaanza kuita, "Mama? Mama, unanisikia?"

Nilikuwa ninamsikia. Nilikuwa ninafikiri juu ya mstari mwingine.

Sasa nieleze yetu. Mashini yetu tuliinunua kwa pesa za likelemba, ikiwa na moteri ya mazutu ya zamani, moja ya zile nzito zenye gurudumu kubwa la chuma ubavuni, zinazosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Ilitulisha miaka mingi. Ililipa masomo ya watoto wengi kuliko likelemba yenyewe. Lakini ilizeeka. Asubuhi vijana wawili walitoka jasho kuiwasha. Moshi wake ulijaza nyumba, mama anayepokea muhogo akawa anakohoa siku nzima. Na mazutu, mnajua wenyewe: mvua ikiharibu barabara, lori zikikwama, bidoni moja inameza faida ya juma zima.

Ndipo mtu mmoja akaleta umeme mdogo kutoka kwenye turbine aliyoiweka mtoni. Tukapigiwa hesabu. Moshi hakuna, mazutu hakuna, unabonyeza tu inawaka. Mkutano mzima ulipiga makofi. Mimi nilikuwa mweka hazina.

Fundi alileta orodha yake. Juu ya orodha kulikuwa na moteri, kisha waya, kisha kisanduku cha kuwashia. Chini kabisa kulikuwa na vitu viwili: puli mpya, na kifuniko kipya cha chuma. Akatueleza vizuri, siwezi kusema hakueleza. Moteri yetu ya mazutu ilizunguka mara 1,000 hivi kwa dakika. Ile ya umeme inazunguka karibu mara 1,500. Tukiifunga puli ya zamani kwenye moteri mpya, mashini ya kusaga itazunguka kwa mwendo wake wa zamani na nusu tena juu yake. Na mwendo ukizidi kwa nusu, alisema, nguvu inayozivuta nyundo zilizo ndani ya mashini zitoke nje haizidi kwa nusu, inazidi mara mbili na zaidi. Nyundo zile zilikuwa zimelika. Ganda la mashini lilikuwa limechakaa.

Nikatazama daftari. Pesa zilikuwa zimebaki kidogo, na wamama walikuwa wananingoja niwaambie lini tutagawana. Nikasema puli ya zamani ingali nzima, chuma hakiozi, na kifuniko tutakitengeneza mwezi ujao. Nikachukua biki nyekundu, nikakata vile vitu viwili vya chini. Fundi alitikisa kichwa, lakini alikuwa amekuja kutafuta kazi, si ugomvi. Kamati ilikubali kwa sababu kwa mambo ya hesabu waliniamini mimi.

Siku kumi na moja tulifurahi. Unga ulitoka mbio, laini kuliko zamani. Wamama wakasema mashini imerudia ujana. Habari zikaenea mpaka vijiji vya mbali, mstari ukawa mrefu. Nao mstari tuliuacha pale pale ulipokuwa miaka yote, mbele ya mlango, sawa kabisa na upande ambao nyundo zinazunguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mstari nao ni sehemu ya mashini.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya soko. Nyundo moja ilikatika. Ilitoboa ganda, na kipande cha bati kikatoka mlangoni. Kilipiga beseni la mama mmoja kijana, kikalikata, muhogo ukamwagika, kikamchana mguu juu ya goti. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa miezi mitano katika kikwembe. Kama mama yule angekuwa ameinama kuweka beseni chini, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine, au nisingeandika kabisa.

Alishonwa mguu, anatembea vizuri. Mtoto hakuguswa. Chama kililipa matibabu. Mimi nilikwenda nyumbani kwake siku ya tatu, nikamweleza habari ya biki nyekundu, kwa sababu sikutaka aisikie sokoni. Alinyamaza, kisha akanisogezea kiti. Yeye hakuwa na neno kali. Mume wake alikuwa nalo, nikalisikiliza mpaka mwisho, maana nilistahili.

Watu wengi walisema kosa ni la umeme, turudie mazutu. Nilipinga wakati ule na ninapinga hata leo. Moteri ya umeme ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Kosa letu ni kwamba tulibadili kinachosukuma, tukaacha kinachosukumwa katika uzee wake. Moteri ya zamani, kwa uchovu wake, ilikuwa inaficha ubovu wa vitu vingine. Tulipoleta nguvu mpya, ubovu ule ukatoka nje, na aliyekutana nao ni mtu aliyekuja kusaga muhogo wake tu.

Kwa hiyo nilimwuliza binti yangu: "Baada ya yule mwanamke kuumia, walifanya nini?"

Mchezo ulifungwa. Wakaguzi wa jimbo walikuja. Mtashangaa kusikia kwamba kule Ohio idara inayokagua michezo ya namna hiyo ni ile ya kilimo, kwa hiyo na wao mashini zao ziko mikononi mwa watu wa mashamba. Mwezi wa 2 mwaka 2022 wakaguzi walimaliza uchunguzi, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba uwanja ulivunja sheria. Hata hivyo, mwezi wa 9 mwaka huo uwanja ulitangaza kwamba mchezo hautarudi kama ulivyokuwa. Na mwezi wa 8 mwaka 2023 walitangaza kwamba wanaubadilisha kwa nguvu nyingine.

Mafuta, matangi na kamba vyote vilitolewa. Mahali pake waliweka sumaku za umeme kando ya reli. Umeme unazipitia kwa zamu, hii halafu hii halafu ile, nazo zinakisukuma kigari, bila kamba yoyote kukishika. Pasipo na kamba, hakuna kamba ya kukatika.

Lakini sumaku hizo hazikirushi kigari mpaka mita 128 kwa pigo moja kama mafuta yalivyofanya. Jambo hilo wamama wa Kirumba wataelewa kuliko watu wa Ohio. Mmeona lori likikwama kwenye matope. Vijana hawalitoi kwa pigo moja. Wanalisukuma mbele kidogo, wanaliachia lirudi nyuma, wanalisukuma tena likiwa limeshika mwendo, na mara ya tatu linatoka. Hivyo ndivyo walivyofanya. Walijenga mnara wa pili nyuma, wenye urefu uleule wa mita 128, usio na upande wa pili wa kushukia. Kigari kinasukumwa mbele kwa mwendo wa kilomita 119 hivi kwa saa, kinapanda mnara wa kwanza nusu, kinashindwa, kinarudi. Kikipita chini kinasukumwa kinyumenyume kwa kilomita 163 hivi, kinapanda ule mnara wa nyuma. Kinaposhuka kinapata pigo la tatu, kinafika kilomita zilezile 193, na sasa kinavuka.

"Na vigari?" nikauliza. "Wameacha vile vya zamani?"

"Hapana, mama. Walitengeneza vingine vipya."

Vilitengenezwa na kampuni ya Italia iitwayo Zamperla, ambayo ndiyo iliyofanya kazi ya kubadili mchezo. Mchezo ukafunguliwa kwa watu mwezi wa 5 mwaka 2024, jina likawa Top Thrill 2. Juma moja hivi likapita, ukafungwa tena. Uwanja ulitangaza kwamba vigari vinahitaji kurekebishwa na waliovitengeneza. Haukufunguliwa tena msimu ule wote. Watu walikuja kutoka mbali, wakatazama minara miwili imesimama kimya, wakarudi nyumbani. Ulifunguliwa tena mwaka 2025.

Sikieni vizuri hapo. Watu wale wana wahandisi, wana pesa ambazo likelemba zetu zote haziwezi kuziota. Walibadili kinachosukuma, wakabadili na kinachosukumwa, na hata hivyo ni kile kinachosukumwa kilichowasimamisha. Lakini walifunga. Walikubali aibu ya kufunga mwaka mzima. Sisi tulipoanza kusikia mlio mpya ndani ya mashini, kwa sababu ulikuwepo tangu siku ya nane, tuliongeza muhogo ili tusiusikie.

Kuna na njia nyingine. Jimbo la New Jersey kulikuwa na ndugu ya mchezo huo, Kingda Ka, wa mwaka 2005, mrefu zaidi, mita 139, nao ulirushwa kwa mafuta na kamba. Wenyewe hawakuubadilisha. Waliufunga mwaka 2024, na tarehe 28 Februari 2025 wakaulipua ukaanguka chini. Kumbe hata kubomoa ni uamuzi. Mashini ikichoka, unaweza kuibadili vizuri au kuiondoa. Kuendelea nayo nusunusu ndiko kunakoumiza watu.

Binti yangu aliendelea kungoja jibu. Nikamwambia: "Mtoto ni wenu wawili, mimi si wa kuamua. Lakini mkifika, kabla ya kutazama mnara, tazama mstari unapita wapi. Tazama kama kuna kitu kati ya wanaongoja na kigari. Hilo likikuridhisha, mwache mtoto apande."

Walikwenda. Siku ile mchezo ulikuwa unafanya kazi. Mjukuu wangu akanitumia sauti, anapumua kama mtu aliyekimbizwa na nyuki: "Koko, ni kama ulivyosema, kama lori kwenye matope!" Mama yake naye akaniambia kwamba kwa saa nzima waliyosimama mstarini, mtoto alitazama mnara, yeye alitazama mahali alipoweza kumvutia mtoto kando kama kitu kingeanguka. Nikamwambia ndivyo mama anavyosimama kwenye mstari.

Basi, ninyi wa vikundi viwili mnaotaka kubadili, badilini. Umeme ni mzuri. Tangu tuweke puli ndogo kwenye moteri, mashini inazunguka kwa mwendo wake wa zamani. Nyundo ni mpya, ganda limetengenezwa upya, kifuniko kipo. Hakuna anayekohoa. Lakini kabla hamjalipa moteri, fanyeni haya.

Mwulizeni fundi moteri mpya inazunguka mara ngapi na ile ya zamani mara ngapi, mkaandike namba zote mbili ukutani. Hesabuni puli, nyundo, mkanda na kifuniko pamoja na moteri, kama kitu kimoja. Pesa zisipotosha vyote, ngojeni. Mashini ya mazutu itatoa moshi miezi mitatu zaidi, haitawaua. Mkisikia mlio usioujua, zimeni, hata kama ni siku ya soko.

Na mstari uhamisheni. Sisi tumejenga ukuta wa matofali mbele ya mashini, na wamama sasa wanangoja ubavuni, chini ya paa dogo la mabati. Ukuta ule, paa lile, puli na kifuniko, vyote pamoja viligharimu pungufu ya tulicholipa hospitali.

Yule mama kijana bado anasaga kwetu. Mtoto sasa anatembea, anakimbiakimbia chini ya lile paa. Anayetaka kuja kuona aje Alhamisi, siku ambayo si ya soko. Nitakuja na daftari la zamani, lenye ule mkato wa biki nyekundu. Sikuuchana ukurasa ule.